Jinsi ya Kuchagua Matairi Sahihi ya Trekta la Shambani

Maswali ya wanaonunua matairi ya trekta kwa mara ya kwanza hufanana mno. Je, tairi pana ni bora kuliko jembamba? Je, ninaweza kubadilisha ya nyuma peke yake? Ile namba ndefu iliyoandikwa ubavuni ina maana gani? Nimeyajibu mara nyingi, kwa mtu mmoja mmoja, hata nikaona afadhali majibu yote yakae mahali pamoja na kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe huufuata. Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye trekta moja au mawili, ambaye trekta lake hilohilo ndilo linalolima, kupanda, kupalilia na kuvuta tela.

Nitatumia neno "meno" kwa yale matuta makubwa ya mpira yanayouma ardhi, neno "ubavu" kwa upande wa tairi wenye maandishi, na neno "mdomo" kwa ukingo wa tairi unaokaa ndani ya rimu.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Ukienda dukani ukiwa na picha ya trekta kwenye simu na hela mfukoni tu, utauziwa kilichopo. Kusanya kwanza haya:

- Kitabu cha trekta, hasa kurasa zinazoorodhesha ukubwa wa matairi yanayoruhusiwa mbele na nyuma.
- Namba kamili za matairi yaliyopo sasa, zilizonakiliwa kutoka kwenye ubavu wenyewe, pamoja na namba iliyogongwa kwenye rimu.
- Uzito wa kila ekseli, trekta likiwa limefungwa zana nzito kuliko zote unazotumia, na zana hiyo ikiwa imeinuliwa.
- Upana kati ya mstari na mstari wa mazao yako, ikiwa trekta huingia shambani mazao yakiwa yameota.
- Futi ya kupimia, chaki, na geji ya upepo inayosoma vizuri kiwango cha chini.

Geji inastahili maelezo kidogo. Geji ya malori inayofika psi 150 haifai, kwa sababu mistari yake imebanana na tofauti ya psi 2 haionekani. Kwenye tairi la lori tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwenye tairi la trekta lenye psi 12 ni sehemu moja ya sita ya upepo wote.

Hatua ya 1: Andika kazi za trekta pamoja na saa zake

Chukua msimu uliopita na uandike trekta lilitumia saa ngapi kulima, kupiga haro, kupanda, kupalilia na kuvuta tela barabarani. Andika pia udongo ulivyo wakati kazi hizo zinafanyika: kichanga, mfinyanzi unaonata, shamba lenye visiki na mawe, au jaruba lenye maji. Orodha hii ndiyo itakayoamua karibu kila kitu katika hatua zinazofuata, na mara nyingi mwenye trekta hugundua kuwa chombo anachokiita cha kulimia hutumia muda mrefu kikiwa barabarani na tela nyuma.

Chagua tairi kwa kazi inayokula saa nyingi zaidi, kisha hakikisha kwamba halitakwama kabisa katika zile nyingine. Kosa la kawaida hapa ni kununua kwa kukumbuka siku moja mbaya. Mtu aliyezama kwenye tope mara moja mwaka jana hununua tairi la meno marefu kuliko yote, kisha anayamaliza meno hayo barabarani katika miezi iliyobaki.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma ubavu wa tairi

Ukubwa huandikwa kwa namna mbili. Ya zamani ni kama 18.4-30: tairi lina upana wa takriban inchi 18.4, yaani karibu sentimita 47, na linakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha inchi 30. Kistari cha katikati kinaonyesha kuwa ni tairi la mshazari. Mahali pake pakiwa na herufi R, kama 18.4R30, ni radiali. Nitaeleza tofauti hiyo katika Hatua ya 4.

Namna ya pili hutumia milimita, kwa mfano 460/85R30. Hapa 460 ni upana kwa milimita, 85 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na 30 ni rimu ileile ya inchi. Hesabu yake ni rahisi: asilimia 85 ya 460 ni milimita 391, ambazo ukizizidisha kwa mbili na kuongeza milimita 762 za rimu unapata kimo cha tairi zima, takriban milimita 1,544. Tairi hili ndilo linalochukua nafasi ya 18.4R30, kwa hiyo muuzaji akikuletea moja badala ya jingine hajakudanganya.

Baada ya ukubwa hufuata namba na herufi, kwa mfano 145 A8. Namba ni ya mzigo, na haisemi kilo moja kwa moja. Husomwa kwenye jedwali. Zile utakazokutana nazo mara kwa mara ni hizi: 120 ni kilo 1,400, 130 ni kilo 1,900, 140 ni kilo 2,500, 145 ni kilo 2,900 na 150 ni kilo 3,350, kila moja ikiwa ni kwa tairi moja. Herufi ni ya kasi ambayo mzigo huo unaruhusiwa: A6 ni kilomita 30 kwa saa, A8 ni 40, B ni 50 na D ni 65.

Matairi ya mshazari mara nyingi huandikwa PR pamoja na namba, kama 8PR au 12PR. Hicho ni kipimo cha nguvu ya tairi. Wengi hudhani 12PR ina maana kuwa ndani kuna tabaka 12 za nyuzi, jambo ambalo lilikuwa kweli zamani nyuzi zilipokuwa za pamba. PR kubwa hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa sharti kwamba upepo nao uongezwe. Ukiliacha na upepo uleule wa PR ndogo, umenunua ugumu tu.

Hatua ya 3: Chagua aina ya meno

Matairi ya nyuma hupangwa kwa alama ya R na namba, na tofauti kubwa ni kina cha meno.

R-1 ni la kazi za kawaida za shamba kavu au lenye unyevu wa wastani. R-1W lina meno yenye kina cha takriban robo zaidi, na ndilo ninalopendekeza kwa mfinyanzi unaonata. R-2 ni la mpunga na miwa, meno yake yakiwa na kina karibu mara mbili ya R-1. R-3 lina meno mafupi na uso mpana, kwa nyasi za viwanja na mahali ambapo hutaki kuacha alama. R-4 liko katikati, meno yake ni mapana na yana kina cha takriban asilimia 70 ya R-1, na linafaa trekta lenye ndoo ya kupakilia mbele linalofanya kazi kwenye ardhi ngumu.

Ukitaka kuelewa kwa nini kina kina maana, simama kando ya trekta lenye R-1 iliyochakaa linapolima mfinyanzi uliolowa. Udongo huingia kati ya meno na haudondoki. Baada ya mizunguko michache hutaona tena meno, utaona gogo la duara lililopakwa udongo, likizunguka palepale na kuipiga ardhi msasa. Meno marefu yaliyoachana hujisafisha, kwa sababu nafasi kati yake hupanuka kuelekea pembeni na tope husukumwa nje kila tairi linapozunguka.

Tahadhari: R-2 haifai barabarani. Meno yake marefu huyumba chini ya mzigo, trekta hutetemeka, na mpira huisha haraka kwenye lami. Ikiwa una jaruba dogo na barabara ndefu, fikiria kubaki na R-1W na kufunga magurudumu ya chuma ya jarubani kwa siku za kuvuruga tope.

Kwa trekta linalovutwa na magurudumu ya nyuma tu, matairi ya mbele hayahitaji meno ya kuvuta. Yanayotakiwa ni F-2, yenye matuta matatu yanayolizunguka tairi, lile la kati likiwa limeinuka zaidi ili lishike mwelekeo unapokata kona. Ukubwa wake wa kawaida ni kama 6.00-16 au 7.50-16. Usifunge tairi la gari dogo hapo, hata kama rimu inakubali, kwa sababu usukani hautashika kwenye udongo uliolimwa.

Hatua ya 4: Amua kati ya radiali na mshazari

Katika tairi la mshazari nyuzi hukatizana kwa pembe kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, hivyo ubavu na uso hutembea pamoja kama kitu kimoja. Katika radiali nyuzi huvuka moja kwa moja, na chini ya meno kuna mikanda inayoushikilia uso. Ubavu wa radiali unaweza kuchutama huku uso ukibaki umelala bapa, na kwa hiyo unyayo wake huwa mrefu zaidi: meno mengi hugusa ardhi kwa wakati mmoja, tairi huteleza kidogo, na udongo haushindiliwi sana.

Msimamo wangu ni huu. Ikiwa trekta hufanya saa chache kwa mwaka, au shamba ni jipya na bado lina visiki na mawe, nunua mshazari mzuri. Ubavu wake mgumu huvumilia kuchubuliwa, na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Ikiwa trekta ndilo kazi yako ya kila siku, radiali hurudisha gharama yake kwa mafuta, muda na umri wa meno.

Tahadhari mbili. Kwanza, usichanganye radiali na mshazari kwenye ekseli moja kwa hali yoyote. Pili, radiali yenye upepo sahihi huonekana kama imepungua upepo, kwa sababu ubavu wake hutokeza nje karibu na ardhi. Mgeni wa radiali huona aibu, hujaza mpaka ubavu unyooke, na kwa kufanya hivyo hupoteza unyayo mrefu alioulipia.

Utakutana pia na alama za IF na VF mbele ya ukubwa. IF hubeba mzigo wa asilimia 20 zaidi kwa upepo uleule, na VF asilimia 40. Ni matairi mazuri kwa mashine nzito. Kwa trekta la kawaida si lazima.

Hatua ya 5: Linganisha mzigo halisi na namba ya tairi

Chukua uzito wa ekseli uliopima na uugawe kwa mbili. Tuseme ekseli ya nyuma, plau ikiwa imeinuliwa, ina kilo 4,600. Kila tairi linabeba kilo 2,300. Tairi lenye namba 136, yaani kilo 2,240, halitoshi. Lenye 140 linatosha na kubakiza kilo 200.

Wengi hukosea kwa kuchukua uzito wa trekta kwenye kitabu na kujumlisha uzito wa zana. Zana inayoning'inia nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya ubao wa bembea: huinua pua ya trekta, na uzito ulioondoka mbele huhamia nyuma. Ndiyo maana ekseli ya nyuma huongezeka kwa zaidi ya uzito wa zana yenyewe, na ndiyo maana nimesisitiza upime ikiwa imeinuliwa. Vivyo hivyo, ndoo ya mbele iliyojaa huielemea ekseli ya mbele kuliko udongo uliomo ndani yake.

Ukilima kwenye mteremko, au kwa plau inayotaka gurudumu moja litembee ndani ya mtaro, tairi la chini hubeba zaidi ya nusu. Acha nafasi ya kutosha.

Hatua ya 6: Hakiki upana, kimo na rimu

Kwa palizi, hesabu kabla ya kutamani upana. Mistari ya sentimita 75 na tairi la 18.4 lenye sentimita 47 hubakiza sentimita 14 kila upande, hata trekta likinyooka kabisa, na halinyooki. Tairi la 12.4, lenye takriban sentimita 31 na nusu, hubakiza karibu sentimita 22. Kwa plau ya mtaro nako tairi lililo pana kuliko mtaro litakanyaga udongo uliokwisha kupinduliwa.

Ikiwa unachotaka ni unyayo mpana bila kubadilisha kimo, tafuta tairi la ubavu mfupi kwenye rimu ya kipenyo kilekile. Kwa mfano 420/85R30 na 540/65R30 zina mabavu ya milimita 357 na 351 kwa hesabu, kwa hiyo zinakaribiana sana kwa kimo ilhali ya pili ni pana kwa sentimita 12. Lakini upana wa rimu lazima ukubaliane na tairi. Tairi pana kwenye rimu nyembamba hufura katikati na kugusa ardhi kwa mstari wa kati tu. Jedwali la mtengenezaji hutaja rimu zinazokubalika, nawe linganisha na namba iliyogongwa kwenye rimu yako, kama W12 au DW16, ambapo tarakimu ni upana kwa inchi.

Tairi refu zaidi ni sawa na kuongeza gia: trekta hukimbia zaidi na kuvuta kidogo. Pima pia nafasi hadi kwenye madigadi na, kwa mbele, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili huku ekseli ikiwa imeinama upande mmoja, kwa sababu hapo ndipo tairi hugusa injini au tangi.

Hatua ya 7: Kwa trekta linalovutwa na magurudumu manne, linganisha mbele na nyuma

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na nimewahi kuiruka mimi mwenyewe. Nilibadilisha matairi ya nyuma kwa yaliyo marefu kidogo, nikafurahia mwonekano, nikaacha ya mbele. Shambani sikuona tatizo. Barabarani, difu ya mbele ikiwa imeunganishwa kwa kusahau, trekta lilikuwa likivutana lenyewe kwa lenyewe, na msimu ulipokwisha meno ya mbele yalikuwa yameliwa upande mmoja kama kisu kilichonolewa vibaya.

Sababu yake ni hii. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yameunganishwa kwa gia zenye uwiano usiobadilika, na mtengenezaji amepanga ya mbele yatangulie kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 5, ili yavute badala ya kusukumwa. Ukibadilisha kimo cha upande mmoja, unavuruga uwiano huo.

Hesabu hivi:

1. Tafuta mzingo wa kutembea wa tairi la mbele na la nyuma kwenye jedwali la mtengenezaji. Ni umbali ambao tairi hupiga kwa mzunguko mmoja likiwa na mzigo, si mzingo wa tairi likiwa limelala chini.
2. Tafuta uwiano wa gia za mbele kwenye kitabu cha trekta.
3. Zidisha mzingo wa mbele kwa uwiano huo, kisha gawanya kwa mzingo wa nyuma.

Kwa tarakimu za mfano tu: mbele milimita 3,650, nyuma 4,850, uwiano 1.37. Mara 1.37 ya 3,650 ni takriban 5,000. Ukigawanya kwa 4,850 unapata 1.031, yaani mbele hutangulia kwa asilimia 3.1. Hapo pazuri. Ukiweka nyuma tairi la mzingo wa 5,050, jibu ni 0.99: mbele zinaburutwa, na gia zinabeba mzigo usio wao.

Kuchanganya meno mapya nyuma na kipara mbele huvuruga hesabu hii pia. Ndiyo sababu nashauri kubadilisha yote manne pamoja, au angalau kupima upya.

Hatua ya 8: Kagua tairi lenyewe kabla ya kulipa

Tafuta tarakimu nne za tarehe ubavuni. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa miaka mingi juani huzeeka hata kama halijagusa ardhi. Ukilikunja kidogo ubavuni utaona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka.

Kwa tairi lililotumika, piga magoti na uchungulie ndani. Kiraka kwenye uso huvumilika. Kiraka kikubwa ubavuni, nyuzi zinazoonekana, au mdomo uliokatika ni sababu ya kuondoka bila kujadili bei.

Uliza kama tairi linahitaji tyubu. Likihitaji, nunua tyubu mpya ya ukubwa uleule. Ukitaka kujaza maji nyuma, valvu iwe aina ya TR218A, inayopitisha maji na upepo.

Hatua ya 9: Kufunga

Kazi hii mwachie fundi mwenye vifaa, lakini simama umtazame, kwa sababu makosa machache hapa huua.

- Usiruhusu rimu ichomelewe tairi likiwa limefungwa, hata likiwa halina upepo. Joto huzalisha gesi ndani na tairi hulipuka.
- Mdomo ukalishwe kwa sabuni au mafuta maalumu ya matairi. Petroli na kiberiti havina nafasi hapa.
- Wakati wa kukalisha mdomo kwenye rimu, wengi wa watengenezaji huweka kikomo cha psi 35. Mdomo usipokaa kabla ya hapo, toa upepo wote, paka sabuni upya, anza tena. Tumia mpira mrefu wa upepo wenye kibano na usimame kando, kamwe si mbele ya tairi.
- Mshale ubavuni uelekee mzunguko wa kwenda mbele. Ukisimama nyuma ya trekta, meno ya matairi ya kuvuta yaunde mshale unaoelekea juu.

Kaza nati kwa kipimo cha kitabu, kisha zikaze tena baada ya saa chache za kazi.

Hatua ya 10: Panga upepo na uzito, kisha pima mtelezo

Upepo hupangwa kutoka kwenye jedwali la tairi hilo, kwa kuangalia mzigo uliopima na kasi yako. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Jedwali likiwa kwa bar, bar 1 ni psi 14.5.

Maji ndani ya matairi ya nyuma ni uzito wa bei nafuu. Kwenye mshazari, valvu ikiwa juu kabisa, kujaza mpaka usawa wa valvu ni takriban asilimia 75 ya nafasi ya ndani ya tairi. Kwenye radiali usizidi asilimia 40, au tumia vyuma vya uzito, kwa sababu maji mengi huufanya ubavu uwe mgumu.

Kisha pima mtelezo shambani. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Ukiwa unalima kwa kina cha kawaida, hesabu mizunguko 10 na uweke vijiti mwanzo na mwisho. Rudia umbali uleule plau ikiwa juu. Ukipata mizunguko kati ya 8.5 na 9, mtelezo ni asilimia 10 hadi 15, nao unafaa. Ukipata 8 au chini ya hapo, ongeza uzito au punguza kina. Ukipata 10 kamili, umebeba uzito mwingi mno, nao unakula mafuta na kuielemea giaboksi.

Matatizo yanayojitokeza baadaye

*Meno yanaisha katikati.* Upepo ni mwingi. Yakiisha pembeni, upepo ni mdogo au mzigo ni mkubwa.

*Tairi linazunguka ndani ya rimu na kung'oa valvu.* Upepo ni mdogo kuliko nguvu ya kuvuta, au mdomo ulipakwa mafuta yasiyokauka. Chora mstari mmoja kutoka rimu hadi tairi; mistari ikiachana, ongeza upepo mara moja.

*Trekta linarukaruka likivuta mzigo mzito.* Hutokea zaidi kwenye magurudumu manne yenye radiali. Hakikisha kwanza uzito umegawanyika ipasavyo. Kwa trekta la aina hii, karibu asilimia 35 hadi 40 mbele. Kisha punguza upepo wa nyuma hadi kiwango cha chini ambacho jedwali linaruhusu, na uongeze wa mbele kidogo kidogo, psi 2 kwa wakati, ukijaribu kila mara.

*Matairi mapya yanatobolewa na mabua.* Mpira mpya ni laini, na mabua ya mahindi, pamba au alizeti yaliyokatwa mshazari ni kama mikuki. Ukiweza, anza kuyatumia matairi mapya kwenye kazi nyingine, na upishe magurudumu kati ya mistari ya mabua badala ya juu yake.

*Trekta linalovutwa na magurudumu ya nyuma tu linavuta usukani upande mmoja.* Kabla ya kulaumu tairi, linganisha upepo wa mbele kushoto na kulia, halafu pima umbali kati ya matairi ya mbele kwa mbele na kwa nyuma ya ekseli, katika usawa wa kitovu cha gurudumu. Kitabu kitakuambia tofauti inayotakiwa, na fimbo ya usukani ndiyo inayorekebishwa.

*Upepo unapungua polepole na pancha haionekani.* Paka maji ya sabuni kwenye valvu, kisha kuzunguka mdomo. Povu likitokea mdomoni, vua tairi na usugue kutu ya rimu mpaka chuma kionekane, upake rangi na uiache ikauke kabla ya kulirudisha. Kama awali tairi lilijazwa maji yenye chumvi ya kalsiamu, kagua pia tundu la valvu, kwa sababu kutu hupenda kuanzia hapo.